Maneno yalinitoka

Kwa miaka saba nimelieleza tukio moja la maisha yangu kwa sentensi ya maneno mawili: "Maneno yalinitoka." Ukiitazama vizuri, ni sentensi iliyoundwa kwa ustadi. Mtenda ni maneno. Mimi nimo, lakini nimebanwa katikati ya kitenzi, silabi moja tu, -ni-, kama abiria aliyesinzia kwenye basi linaloendeshwa na mwingine. Nilitokwa na maneno jinsi mtu anavyotokwa na jasho, au damu puani. Nani amlaumu mtu kwa kutokwa na jasho?

Kilichotokea ni hiki. Tulikuwa tukigombana, mimi na dada yangu mkubwa, ugomvi wa kawaida wa ndugu ambao chanzo chake hata sikikumbuki vizuri. Ukapanda, ukatulia, ukapanda tena, na katika kupanda huko kwa pili nikaitaja siri yake mbele za watu. Siri yenyewe siitaji hapa. Nilishaitaja mara moja na ilitosha. Sebuleni alikuwepo mtu mmoja ambaye, kati ya wote waliopo chini ya jua, ndiye hasa hakupaswa kuisikia. Akaisikia. Akaaga kwa adabu, akaondoka, na yaliyofuata yalimvurugia dada mipango ya miaka.

Siku ya tatu nilikwenda kumwomba radhi. "Dada, nisamehe. Sikukusudia. Hasira zilinipanda, maneno yakanitoka." Hakupaza sauti. Alinitazama kitambo, kisha akauliza: "Yalikutoka? Kwani yalikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya hiari, kadari na dhima ya mtu kwa matendo yake, na sitajifanya kwamba nilisukumwa na kiu ya elimu. Nilikuwa natafuta wakili.

Wakili wa kwanza nilikuwa naye tayari, tena bila malipo: lugha yenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na mtoto wa miaka minne anajua kujitetea kwayo. Muulize nani kavunja kikombe, atakujibu "kimevunjika". Ukimbana atasogea hatua moja: "kimenivunjikia." Hapo amekubali kwamba alikuwa jirani na tukio, lakini bado kikombe ndicho kilichoamua, na yeye ndiye aliyepatwa na msiba. Watu wazima nasi tuna za kwetu. "Nilijikuta nimemtumia ujumbe." Nilijikuta! Kana kwamba nilikuwa nimepotea, nikatafutwa usiku kucha, nikapatikana kidole kikiwa juu ya simu. Na mambo yakizidi uzito yupo shetani, ambaye kazi yake ni kupita. Hakai, haachi anwani. Alinipitia, na alipokwisha kupita mkono wangu ulikuwa umeshatenda.

Sijawahi kumsikia mtu akisema malaika alimpitia akajikuta amelipa madeni yake yote. Sifa tunazidaka kwa nafsi ya kwanza. Lawama tunaziachia kauli ya kutendeka.

Hata hivyo sitaki kuicheka lugha kupita kiasi. Kauli hiyo ipo kwa sababu mara nyingi inasema kweli. Vikombe huvunjika, na yapo matukio yasiyo na mtenda. Kinachotisha ni uwezekano kwamba mimi nawe, na kila tunalofanya, ni matukio ya aina hiyo hiyo: vikombe vinavyoongea.

Hoja hiyo ndiyo wakili wangu wa pili, na huyu ni mzito. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace alimtaka msomaji wake awaze akili moja kubwa mno, inayojua kwa mara moja nguvu zote za maumbile na mahali kilipo kila kitu. Kwa akili hiyo, aliandika, hakuna ambacho kingekuwa na shaka. Yajayo na yaliyopita yote yangekuwa wazi mbele ya macho yake. Basi akili hiyo ingeweza kuutazama ulimwengu karne nyingi kabla sijazaliwa na kuiona sebule ile, saa ile, mdomo wangu ukifunguka.

Kwamba fizikia imebadilika tangu enzi zake hakunisaidii. Mwaka 1927 mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg alionyesha kuwa mahali na mwendo wa chembe haviwezi kujulikana vyote viwili kwa pamoja kwa usahihi kamili, na wanafizikia wengi wanaamini kwamba huko chini kabisa, kwenye vitu vidogo kuliko vyote, kuna bahati nasibu ya kweli. Wapo wanaoshangilia hapo wakidhani hiari imepata mlango wa kuingilia. Mimi siuoni. Ikiwa maneno yangu yalitokana na chembe iliyoruka huku badala ya kule bila sababu yoyote, nimeacha kuwa saa nimekuwa dadu. Dadu nayo hailaumiwi.

Aliyelifunga jambo hili kwa fundo nisiloweza kulifungua ni mwanafalsafa Mwingereza Galen Strawson, katika makala ya mwaka 1994. Unatenda unavyotenda, anasema, kwa sababu ya jinsi ulivyo. Ili uwe na dhima ya mwisho kabisa juu ya tendo lako, lazima uwe na dhima juu ya jinsi ulivyo. Lakini ili uwe umejitengeneza hivyo ulivyo, ilibidi kwanza uwepo, ukiwa tayari na tabia fulani ya kuchagulia. Na tabia hiyo nayo aliitengeneza nani? Unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka unafika mahali ambapo hukuwepo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeshinda rufaa. Nina hasira za baba yangu. Ukoo mzima unasema hivyo. Wanasema hata mshipa wa shingo unaonisimama ni wake. Naye alizirithi kwa babu. Basi mshtakini babu, mtakuta kaburi.

Wakili wa tatu alikuja amevaa koti jeupe. Kisa chake hukutana nacho kila anayeisoma mada hii, na nitakikalia kidogo kwa sababu mara nyingi husimuliwa nusu.

Mwaka 1965 Wajerumani wawili, Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke, walichapisha ugunduzi kwamba kabla mtu hajasogeza kidole kwa hiari yake, umeme wa ubongo unaopimwa juu ya ngozi ya kichwa huanza kupanda polepole. Tuuite wimbi la kujiandaa. Karibu miaka 20 baadaye Benjamin Libet na wenzake, huko San Francisco, wakauliza swali lililofuata: na uamuzi wenyewe, mtu anauhisi lini? Waliwaketisha watu mbele ya saa ambayo nukta ya mwanga iliizunguka kila sekunde 2.56. Kazi yao ilikuwa kukunja kifundo cha mkono wakati wowote watakapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale hamu ya kukunja ilipowajia. Matokeo yakachapishwa mwaka 1983. Hamu ilikuja, kwa wastani, milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde, kabla ya mkono kusogea. Wimbi la kujiandaa lilikuwa limeanza milisekunde 550 kabla. Maana yake ubongo uling'oa nanga theluthi moja ya sekunde kabla mwenye safari hajajua kama kuna safari.

Mwaka 2008 timu ya John-Dylan Haynes nchini Ujerumani ikaenda mbali zaidi. Watu walichagua kubonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia huku ubongo wao ukipigwa picha, na watafiti wakaona dalili za chaguo hadi sekunde 10 kabla ya mhusika kusema kwamba ameshaamua. Sekunde 10! Ndani ya sekunde 10 mtu anaweza kumtukana dada yake mara tatu.

Nilishangilia, kisha nikasoma tarakimu. Ubashiri ule wa mwaka 2008 ulikuwa sahihi kwa takriban asilimia 60. Ukirusha sarafu unapata 50. Anayenibashiri kwa asilimia 60 ameona tu naegemea wapi, jambo ambalo dada yangu angelisema bila mashine. Na lile wimbi la kujiandaa lina maelezo mengine. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba umeme wa ubongo hupanda na kushuka wenyewe muda wote, kama maji ya bahari, na kwamba mtu asiye na sababu yoyote ya kukunja mkono sasa au baadaye ataelekea kuukunja pale maji yanapokuwa yamepanda. Fikiria umejenga ukuta pwani. Unachagua nyakati zile tu ambazo maji yaliugusa, kisha unaangalia nyuma kidogo yalikuwa yakifanya nini. Kila mara utakuta yalikuwa yakipanda, na utadhani bahari ilikuwa na mpango. Haikuwa nao. Wewe ndiye uliyechagua nyakati za kupanda tu.

Jambo jingine lilinichukua muda kuliona. Jaribio la Libet lilibuniwa makusudi ili mtu asiwe na sababu. Kunja unapojisikia, haina maana yoyote lini. Nani amewahi kulaumiwa kwa kitu cha namna hiyo? Tunalaumiana kwa yale tuliyoyafanya kwa sababu, au dhidi ya sababu tulizozijua. Maneno niliyomwambia dada hayakuwa mkunjo wa kifundo cha mkono. Nilikuwa nimeyanoa kwa miaka.

Na Libet mwenyewe, anayetajwa kila mara kama aliyeizika hiari, hakuizika. Aliamini kwamba katika zile milisekunde za mwisho mtu bado anaweza kuzuia: hamu inaweza kuja yenyewe, lakini breki ni ya mwenyewe. Kama aliipima sawasawa hiyo breki ni mjadala mwingine. Mimi ilinichoma kwa sababu ya jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu mwanzo wa makala hii.

Katikati ya ugomvi ule, nilipokwisha kuanza kupiga kelele lakini kabla sijaitaja siri, simu yangu iliita. Alikuwa mtu ninayemheshimu, tena ninayemwogopa kidogo. Nikapokea. "Shikamoo, mzee. Salama kabisa, nipo tu nyumbani. Naam. Naam. Nitalifuatilia kesho asubuhi, usijali." Sauti laini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Nikakata simu, nikamgeukia dada, nikaendelea kufoka pale pale nilipoachia. Dakika chache baadaye maneno "yakanitoka".

Hasira za babu zilijua kusubiri simu iishe.

Wanasheria wa Uingereza na Marekani wana kipimo cha zamani kwa mtu anayedai kwamba alisukumwa na msukumo asioweza kuuzuia: je, angelitenda lile kama askari polisi angekuwa amesimama ubavuni pake? Mimi sikuhitaji askari. Ilitosha mlio wa simu. Siku hizi nahisi kwamba dada alipouliza maneno yalikuwa wapi, hakuwa akiuliza falsafa. Alikuwepo, aliisikia sauti yangu ikibadilika mara mbili ndani ya dakika moja. Aliuliza: wakati unaongea na mzee, yalikuwa wapi?

Sasa, wapo ambao simu haiwasaidii, na ni muhimu wawepo katika habari hii ili nisijifiche nyuma yao. Ugonjwa wa Parkinson hutibiwa, pamoja na mengine, kwa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye ubongo. Baadhi ya wanaozitumia, watu wazima walioishi maisha yao yote bila kugusa kamari, huanza kucheza kamari bila kujizuia, au kununua vitu ovyo, au kula bila kikomo. Dawa ikipunguzwa au kubadilishwa, kwa kawaida hamu hupungua. Mtu huyo akisema "nilijikuta", nadhani tunapaswa kunyamaza na kumsikiliza, kwa sababu kwake neno hilo ni taarifa halisi ya kilichotokea. Alipotea kweli, akajikuta.

Hapo wakili wangu wa pili husimama tena. Anauliza: tofauti ya kidonge na malezi ni nini? Vyote viwili viliingia ndani yako bila wewe kuviumba. Vyote vilibadilisha ubongo. Ila kidonge kina jina na tarehe, na malezi hayana. Siku tutakapoweza kuiandika historia ya kila mshipa wa fahamu kama tunavyoandika cheti cha dawa, kila mkosaji atakuwa mgonjwa.

Hoja hii ilinishika kwa muda mrefu kuliko zote, na sijaiona ikijibiwa kwa pigo moja. Jibu nililo nalo ni la fundi tu, si la mshindi. Kuwa na chanzo hakumwondolei mtu dhima, kwa sababu kila kitu kina chanzo, pamoja na uwezo wangu wa kujizuia, ambao nao niliupata kwa hao hao walionilea. Kinachomwondolea dhima ni chanzo kinachoharibu kile kipande cha mtu kinachosikia sababu. Mwambie mgonjwa yule kwamba akiba ya wanawe inateketea. Analijua, linamliza, na mkono bado unakwenda. Mimi angenigusa mtu begani akasema "kuna mgeni sebuleni", ningenyamaza. Kipande changu kilikuwa kizima. Sikukitumia.

Kipimo hiki hakijanyooka kabisa, nakiri. Baadhi ya wagonjwa hao hucheza kwa kujificha, jambo linaloonyesha kwamba bado wana breki za aina fulani. Na watu wazima na akili zetu tuna siku ambazo breki ni nusu, kwa uchovu, kwa njaa, kwa kufiwa. Ndiyo maana dhima hupimwa kwa mizani, haiwashwi na kuzimwa kama taa. Mahakama zimelijua hili bila kusubiri wanafalsafa wamalize. Mwaka 1924 huko Chicago, wakili Clarence Darrow aliwatetea vijana wawili wa familia tajiri, Nathan Leopold na Richard Loeb, waliomuua mtoto wa miaka 14. Walishakiri. Darrow alisimama akaeleza kwa kirefu jinsi urithi na malezi vinavyomfinyanga mtu asiyejichagulia chochote, hotuba ambayo inasomwa hadi leo. Hakimu hakuwanyonga, aliwapa kifungo cha maisha kwa mauaji na miaka 99 kwa utekaji. Lakini alipoeleza sababu, alichokitilia uzito ni umri wao, 18 na 19 walipotenda. Darrow alimletea ulimwengu mzima, naye akaangalia tarehe za kuzaliwa.

Bahati nayo ina mkono wake. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walizungumzia jinsi tunavyohukumiana kwa mambo ambayo nusu yake ni bahati tu: madereva wawili wazembe kwa kiwango kile kile, mmoja barabara ni tupu, mwingine mtoto anakatiza. Mgeni yule wa sebuleni angeondoka dakika tano mapema, leo nisingekuwa na cha kuandika. Ningekuwa yule yule mwenye ulimi ule ule, ila dada angekasirika wiki moja yakaisha. Zamani nililia kwamba hilo si haki. Siku hizi naona hata mimi nimekula sana upande wa pili wa bahati hiyo. Mara ngapi nimesema la kuumiza na aliyehusika hakuwepo?

Hoja ya kadari kwa sura yake ya kidini nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo niliyokulia nayo masikioni, na kwa sababu waliokuja kabla yetu waliishughulikia kwa ukali kuliko maabara. Katika miaka ya 630, khalifa Umar ibn al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kumeingia tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza: je, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu: akilisha kwenye majani amelisha kwa kadari, akilisha kwenye ukavu amelisha kwa kadari. Halafu alirudi. Napenda kwamba hakukana kadari hata kidogo. Alikataa tu kuitumia kama mahali pa kukaa. Wanatheolojia walikuja kugombana juu ya hili kwa karne nyingi, Jabriyya wakisema mtu ni unyoya kwenye upepo, Qadariyya wakisema tendo ni la mtu mwenyewe, na wafuasi wa al-Ashari wakitafuta njia ya kati kwa neno ambalo kwa Kiswahili tungesema ni "kuchuma": Mungu ndiye muumba wa tendo, mja ndiye anayelichuma. Wengine wamelicheka neno hilo kwamba halielezi kitu. Lakini mtu aliyewahi kukaa usiku na kitu alichokichuma kwa ulimi wake anaelewa kwamba linaeleza walau uzito wake.

Wagiriki wana cha kwao, kikatili zaidi. Inasimuliwa kwamba Zeno, mwasisi wa kundi la wanafalsafa waitwao Wastoiko, alimkamata mtumwa wake akiiba, akawa anampiga. Mtumwa akasema ameandikiwa kuiba. Zeno akajibu: na kupigwa pia umeandikiwa. Simpendi Zeno wa kisa hiki, ila ulimi wake una makali yanayonifaa. Mimi nilikwenda kwa dada nikamwambia kwamba nilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo mrefu wa babu na baba na hasira. Na papo hapo nikataka yeye atoke kwenye mnyororo wake mwenyewe, aushinde uchungu wake, achague kunisamehe. Nilitaka mimi niwe kikombe, na yeye awe mtu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Galen Strawson, yule wa fundo, alikuwa na baba, naye pia mwanafalsafa, Peter Strawson. (Waliokuwa wakitafuta ushahidi wa urithi wa tabia wachukue na huu, wakikumbuka kwamba mwana alifika mahali palipo kinyume kabisa na pa baba.) Katika mhadhara wa mwaka 1962 Strawson baba alisema, kwa maneno yangu, kwamba tumekuwa tukianzia mahali pasipofaa. Tuanzie kwenye kinyongo, shukrani, msamaha, maudhi: yale tunayohisi mtu anapotutendea wema au ubaya. Hizo ndizo njia za kumchukulia mwenzako kama mtu. Ipo na njia nyingine, ya kumtazama kwa jicho la daktari au la mchunga wanyama: kitu cha kutibu, kudhibiti, kukadiria, kukwepa. Kwa mgonjwa mahututi njia hiyo inafaa. Hata kwa mzima tunaweza kuikimbilia kwa muda tukichoka. Lakini huwezi kuishi na mtu kwa njia hiyo na bado ukawa naye.

Niliposoma hapo niliweka chini nilichokuwa nasoma, kwa sababu nilimwona dada yangu.

Dada hana kinyongo nami. Watu hunipongeza kwa hilo. Tangu siku ile ya tatu hajawahi kunifokea. Ananipigia simu, ananijulia hali, akipika ananiita. Ila akiwa na jambo la moyoni, mimi si wa kuambiwa. Nikiingia chumbani mazungumzo hugeuka taratibu, bila hila yoyote ya kuniumiza, jinsi mtu anavyoanua nguo akiona wingu. Nani ana kinyongo na wingu? Analijua, analikadiria, anaingiza nguo ndani. Kwa miaka saba nilidhani hiyo ni dalili kwamba hakunielewa nilipomwomba radhi. Alinielewa vizuri sana. Nilimwambia kwamba mimi ni kitu ambacho maneno hukitoka, naye akaukubali utetezi wangu, akaanza kuishi na kitu hicho kwa busara. Nilishinda kesi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Sikuwa nimepanga hotuba. Niliyoipanga niliisahau mlangoni. Nikamwambia, "Dada, siku ile. Maneno yale niliyasema. Nilijua yuko nani sebuleni, nikayasema."

Nilitarajia kilio, au labda mkono wake begani. Alifoka. Alifoka kama nilivyokuwa nikimkumbuka utotoni, akitembea huku na huku, akihesabu kwa vidole, mambo ambayo sikujua kwamba anayajua, na mengine ya kabla ya siku ile. Majirani lazima walisikia. Katikati yake simu yangu, iliyokuwa mezani, ikaita. Tukaitazama wote wawili mpaka ikanyamaza, kisha akaendelea.